Maneno Kama Sampuli: Uhakiki wa Hoja ya H. H. Clark Juu ya Vigezo Teule na Vigezo Nasibu

Mwaka 1973 Herbert H. Clark, mtaalamu wa saikolojia ya lugha katika Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha makala katika juzuu la 12 la jarida liitwalo Journal of Verbal Learning and Verbal Behavior. Makala hayo ni ya kurasa ishirini na tano tu, lakini yaliwakosesha raha watafiti wengi wa zama zake. Shtaka lake ni jepesi kulitamka. Alisema ya kuwa watafiti wa lugha walikuwa wakiwapima wasomaji kadhaa kwa maneno kadhaa, kisha wakiyatangaza matokeo kuwa ni kweli ya lugha nzima, hali hesabu waliyoifanya iliwapa ruhusa ya kusema habari za maneno yale yale waliyoyatumia, wala si zaidi ya hayo.

Nimekusudia kuyapima makala hayo upya, kwa kuwa majaribio ya namna hiyo sasa yanafanywa katika Kiswahili pia, na ndani yake aghalabu huonekana orodha ya maneno kumi au kumi na mawili ikifuatwa na hukumu inayoanza na maneno “katika Kiswahili”. Hukumu ya namna hiyo yaweza kuwa kweli. Linaloulizwa ni kama mwenye kuitoa ameistahiki.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya istilahi. Varianzi ni wastani wa miraba ya mikengeuko ya vipimo kutoka katika wastani wao, na kuichanganua ni kuigawa mafungu kwa kadiri ya asili zake: fungu hili limetoka kwa wasomaji, hili kwa maneno, hili kwa jambo linalochunguzwa, na lililobaki ni la bahati. Kigezo ni kila asili tunayoipa fungu lake. Kigezo ambacho viwango vyake mtafiti ameviteua mwenyewe, kwa kuwa ndivyo hasa anavyotaka kuvijua, nakiita kigezo teule. Kigezo ambacho viwango vyake vimechotwa tu kutoka katika wingi mkubwa zaidi, kama mtu achotavyo maji mtungini kwa kata, nakiita kigezo nasibu. Ngeli mbili zinazolinganishwa ni kigezo teule, maana mtafiti hana haja na ngeli ya tatu. Wasomaji thelathini ni kigezo nasibu, maana hapana anayetaka kujua habari za watu hao thelathini kwa nafsi zao. Basi maneno yawekwe upande gani?

Kwa maoni yangu njia iliyo fupi ya kupata jibu ni kumwuliza mtafiti swali moja: mwenzako akiirudia kazi hii mwakani, je, ni lazima atumie maneno haya haya? Akijibu kwamba si lazima, na kwamba maneno mengine ya namna hiyo yangefaa vilevile, amekwisha kukiri kuwa maneno yake ni sampuli, na hesabu yake haina budi kuyatendea kama sampuli.

Hesabu zenyewe hazikuzaliwa katika taaluma ya lugha. R. A. Fisher alizikuza katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikoanza kazi mwaka 1919, na kitabu chake cha mwaka 1925 kilizieneza. Churchill Eisenhart, mwaka 1947, ndiye aliyezitenga waziwazi namna mbili za vigezo. Wala Clark si wa kwanza kuliona kosa katika utafiti wa lugha: E. B. Coleman alilisema mwaka 1964, naye Clark anamtaja kwa heshima. Lakini Coleman alisema kwa upole na hakusikilizwa. Clark alichukua kazi zilizokwisha kuchapishwa, miongoni mwake zile za Rubenstein na wenzake za mwaka 1971 juu ya utambuzi wa maneno, akazipiga hesabu upya, akaonyesha kuwa matokeo yake hayasimami maneno yanapohesabiwa kuwa sampuli. Hapo watu walisikia.

Tutazame mfano wa kwetu, tarakimu zake zikiwa za kubuni kwa ajili ya kueleza tu. Tuseme mtafiti ataka kujua kama majina ya ngeli ya KI-/VI- hutambuliwa upesi zaidi kuliko majina ya ngeli ya M-/MI-. Achukua majina ishirini ya kila ngeli: upande mmoja kiti, kisu, kikapu, kioo, kitabu na kadhalika, upande wa pili mti, mkate, mlango, mkeka, msumari na kadhalika. Wasomaji thelathini waonyeshwa maneno yote arobaini, mmoja mmoja, na muda wa kujibu wapimwa.

Varianzi hapo ina asili tano: ngeli, maneno yaliyomo ndani ya kila ngeli, wasomaji, mwingiliano wa wasomaji na ngeli, na mwingiliano wa wasomaji na maneno, ambao huchanganyika na bahati tupu. Desturi ya zamani ilikuwa kuchukua wastani wa kila msomaji katika kila ngeli, kuyasahau maneno, na kuugawa wastani wa miraba wa ngeli kwa ule wa mwingiliano wa wasomaji na ngeli. Tuite hiyo F ya wasomaji. Ukifanya kinyume, yaani ukachukua wastani wa kila neno na kuwasahau wasomaji, wapata F ya maneno. Hila imo katika kugawa. Wastani wa miraba wa ngeli umebeba ndani yake, mbali na athari ya ngeli yenyewe, tofauti za wasomaji kwa ngeli na pia tofauti za neno kwa neno. F ya wasomaji yaondoa la kwanza na kuliacha la pili. F ya maneno yaondoa la pili na kuliacha la kwanza. Kila moja yampa ngeli sifa isiyo yake yote.

Na tofauti za neno kwa neno si jambo la kudharau. Katika orodha yetu hiyo ndogo, kitabu ni neno la Kiarabu ambalo ki- yake haikuwa kiambishi hata kidogo mpaka Waswahili walipolitengenezea wingi, vitabu. Msumari nalo limetoka huko huko, likavaa misumari. Kioo na kiti hutamkwa nyumbani kila siku, mkeka hutamkwa zaidi katika nyumba nyingine kuliko nyingine. Angekuwako mtafiti mpenda mzaha angetia kipilefti, ambalo Waswahili walilipokea kutoka kwa Waingereza na kulipa vipilefti bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Kila neno lina nasaba yake na mazoea yake, na maneno ishirini mengine yangeleta wastani mwingine hata kama ngeli haina athari yoyote.

Dawa ya Clark ni kigawanyo chenye kubeba yote mawili. Kwa kuwa kuipata F kamili ya namna hiyo kulihitaji kazi ndefu ya mkono na vipimo vyote vya asili, alipendekeza kiasi cha chini ambacho hiyo F haiwezi kushuka kupita hapo, nacho hupatikana kwa kuzizidisha F mbili na kuligawa zao hilo kwa jumla yao. Tuseme F ya wasomaji ni 9.0, yenye digrii za uhuru 1 na 29. Na F ya maneno ni 4.5, yenye digrii 1 na 38. Mipaka ya asilimia tano ni karibu 4.18 kwa ya kwanza na 4.10 kwa ya pili, basi zote mbili zimevuka. Sasa zidisha: 9.0 mara 4.5 ni 40.5, gawa kwa 13.5, wapata 3.0. Digrii za uhuru za kigawanyo, kwa kanuni aliyoitoa Clark, ni karibu 64, na mpaka wake ni karibu 3.99. Haukuvukwa.

Msomaji asiupite mfano huu haraka. Tangu miaka ya sabini iliingia desturi ya kuzichapa F zote mbili na kusema kwamba, kwa kuwa kila moja imevuka mpaka wake, basi hoja imethibiti kwa wasomaji na kwa maneno pia. Desturi hiyo ilijifunika jina la Clark, naye hakuifundisha. Jeroen Raaijmakers na wenzake wawili waliliandika jambo hili kwa ukali unaostahili mwaka 1999, na tarakimu zetu hapo juu zaonyesha sababu: mashahidi wawili, kila mmoja akiona nusu ya jambo, hawafanyi shahidi mmoja aliyeliona lote.

Mpaka hapo niko pamoja na Clark. Lakini makala yake yana udhaifu, nao waonekana zaidi yanapoletwa katika lugha kama yetu.

Udhaifu wa kwanza ni kwamba anasema mengi juu ya sampuli na machache juu ya mtungi ulikochotwa. Maneno ya Kiswahili ni yapi? Tukisema ni yale ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, na kupiga kura humo, tutaokota maneno mengi ambayo kijana wa mjini hajapata kuyasikia, na muda wake wa kujibu utatupa habari ya ujinga wake, si ya ngeli. Tukisema ni yale ya mkusanyo wa matini wa Helsinki, tutapata lugha ya magazeti na vitabu kwa wingi kuliko ile ya jikoni na sokoni. Kila jibu ni halali, ila lazima lisemwe, maana hukumu ya mwisho haiwezi kuwa pana kuliko mtungi. Kweli, hata wasomaji hawachotwi kwa kura. Aghalabu ni wanafunzi waliokuwa karibu. Lakini kasoro ya upande mmoja si udhuru wa kasoro ya pili.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Si kila orodha ya maneno ni sampuli. Edward Wike na James Church walimpinga Clark mwaka 1976 kwa hoja mbalimbali, na nyingine sizikubali, lakini moja ina nguvu: pale ambapo maneno yamechaguliwa kwa masharti mengi hata yakakaribia kumalizika, kuyaita nasibu ni kujidanganya. Kiswahili kimejaa mafungu ya namna hiyo. Vitenzi vya silabi moja, kama kula, kunywa, kufa, kuja, kuwa na kucha, ni vichache, na mtafiti wa ile ku- inayobaki katika “anakula” na kuondoka katika “hali” aweza kuvitumia vyote. Hapo hakuna wingi mkubwa nyuma ya orodha. Orodha ndiyo wingi wenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa shina za sifa zenye kupokea viambishi vya ngeli, kama -zuri, -baya, -kubwa, -dogo, -refu na -fupi, ambazo si nyingi, tofauti na sifa zilizokopwa zisizobadilika, kama safi, hodari na ghali, ambazo mlango wake ungali wazi. Katika jaribio moja la sifa, basi, shina za asili zaweza kuwa teule na zile za mkopo zikawa nasibu. Kiingereza hakimlazimishi mtu kuliwaza jambo hili.

Kuna na hali ya tatu, ambapo kila neno latumika pande zote mbili za ulinganishi. Tuseme twataka kujua kama masikio ya wasemaji hukataa “kiti imevunjika” kwa kadiri gani yakilinganisha na “kiti kimevunjika”. Jina kiti limo pande zote. Mazoea yake na urefu wake vyajifuta vyenyewe. Hapo Raaijmakers na wenzake walisema kuwa kanuni ya Clark yamwonea mtafiti, na kuwa F ya wasomaji yaweza kutosha. Kwa hesabu, wana haki, ikiwa athari ya upatanisho ni moja kwa kila neno. Lakini je, ni moja? Majina kama kiboko, kifaru, kipofu na kiongozi yana umbo la KI-/VI- na hupatanishwa kama viumbe: kiboko amekufa, kiongozi amefika. Rafiki na ndugu nayo yana vita vya namna yake kati ya “yangu” na “amekuja”. Mtafiti akichanganya majina kama haya katika orodha moja na kiti na kisu, athari anayoipima itapanda na kushuka neno kwa neno, na ule mwingiliano wa maneno na jambo linalochunguzwa, ambao hesabu nyepesi ilidai haupo, utakuwa ndio jambo lenye habari kuliko yote. Katika Kiswahili mimi nisingeudhania kuwa sifuri hata siku moja.

Siku hizi hesabu za mkono zimeachwa. Tangu Harald Baayen, Doug Davidson na Douglas Bates walipoandika mwaka 2008, katika jarida lile lile ambalo tangu mwaka 1985 laitwa Journal of Memory and Language, watafiti hutumia modeli mseto, ambazo hupokea vigezo teule na vigezo nasibu kwa pamoja, wasomaji na maneno wakikingamana, hata pale ambapo vipimo vingine vimepotea. Ni maendeleo ya kweli, na mwenye kuanza kazi leo hana sababu ya kurudi kwenye F ya chini. Ila kosa la zamani laweza kuingia kwa mlango mpya. Mtafiti huandika neno kuwa kigezo nasibu katika wastani wake tu, wala haruhusu athari yenyewe itofautiane kwa kila msomaji au kila neno. Dale Barr na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba kufanya hivyo, pale mpango wa jaribio unaporuhusu tofauti hizo, huzidisha hukumu za uongo. Hannes Matuschek na wenzake walijibu mwaka 2017 kwamba kuziruhusu zote bila kujali kama data zazihimili huondoa nguvu ya jaribio. Kati ya pande hizi mbili namwelekea Barr kwa kazi inayokusudia kuthibitisha dai, na sipendi kabisa mtindo wa kuondoa tofauti moja baada ya nyingine mpaka kompyuta inyamaze. Onyo la kompyuta mara nyingi lina maana moja tu: maneno ni machache.

Na uchache wa maneno hauponywi kwa wingi wa watu. Jambo hili lilielezwa vizuri na Jacob Westfall, David Kenny na Charles Judd mwaka 2014, lakini lilikwisha kuonekana katika kigawanyo cha Clark: waongeze wasomaji hata wawe elfu, fungu la wasomaji litakonda, lakini fungu la maneno litabaki pale pale lilipo. Mwenye maneno kumi na mawili na wasomaji mia tatu ametumia nguvu zake mahali pasipo haja. Maneno hayadai nauli wala posho.

Nimalizie na kigezo ambacho Clark hakukigusa, nacho kwetu chafaa kuja mbele ya vyote: mahali. Tuseme mtafiti alinganisha Kiunguja, Kimvita na Kiamu, lahaja tatu alizoziteua. Kila lahaja apima watu arobaini. Kama arobaini hao wote ni wa mtaa mmoja, hana njia ya kujua alichokipima ni lahaja au mtaa, na hakuna modeli itakayomtengea hayo mawili. Kama amewatoa katika mitaa au vijiji vinne, kumi kumi, basi mitaa ni kigezo nasibu kilichomo ndani ya lahaja, na lahaja yapimwa dhidi ya mitaa: digrii za uhuru za kigawanyo ni tisa, si mia na kumi na saba kama angaliwahesabu watu mmoja mmoja. Tofauti ya tisa na mia na kumi na saba ni tofauti ya hukumu. Naye ajihadhari vijiji hivyo ni vipi, maana akitoka mjini Unguja na kuchagua Makunduchi amekwisha kuingia katika Kikae, na akichagua Tumbatu yumo katika Kitumbatu. Hapo atakuwa ameipa bahati tofauti iliyokuwa ya lahaja yenyewe. Kisha maneno, nayo yakiwa sampuli, hukingamana na mitaa yote, kwa hiyo kigawanyo hukua tena. Sijui jaribio la lahaja linaloweza kufanywa kwa heshima bila ya mitaa kadhaa kwa kila lahaja na makumi ya maneno, nayo orodha ya maneno ichapwe yote mwishoni mwa kazi, wala si mifano mitatu na “na kadhalika”.

Kuhusu jina teule, naona lina kasoro ambayo wenzangu wa istilahi watanisaidia kuipima. Lataja kitendo cha mtafiti vizuri kuliko neno la Kiingereza, ambalo lafanya mtu adhani kwamba kigezo chenyewe ndicho kisichotikisika. Lakini katika matumizi ya kawaida mteule ni mtu aliyetukuzwa, na sampuli nayo huteuliwa, ingawa kwa kura. Kama kuna apendekezaye “kigezo maalumu”, sina ugomvi naye, mradi tusiwe na majina matatu kwa jambo moja katika kurasa za jarida moja.